Bibi Alikunywa Dawa, Mi Njo Nilikuwa Mugonjwa

Miaka tano bibi yangu, mwanamuke mwenye nilioa, alikunywaka dawa chungu kila asubui, na mi nilikuwa namuangalia tu, na chai yangu mu mukono. Huku Bugarama, kama nyumba haina mutoto, banauliza mwanamuke. Mwanaume hakuna mwenye anamuuliza kitu.

Dawa ilikuwa inatoka kwa maman yangu. Tulirudiaka huku Rwanda, kutoka Congo, ile mwaka vita ilianza kule. Mi vita ilinikutia mu nusu ya segondere, na nilifurahi, ju kesho yake tulikuwa na egzame ya hesabu. Maman yeye hakufurahi. Bandugu zake benye balibakia huku, hakukuta hata mumoja muzima, mauaji ilishabamaliza. Njo alikuwa anataka bajukuu bengi, kila moja na jina ya mufu yake. Majina alikuwa nayo tayari. Batoto njo balikosa.

Bibi alienda ku santé mara tatu. Muganga alimupima, akamuambia: “Maman, wewe hauna shida. Leta bwana.”

Mi nilikuwa namujibia bibi mu mashamba: “Muambie ule muganga, bwana yako ni mulima mupunga. Mbegu, mi naamukaka nayo mpaka ku masikio!”

Bantu ya mu mashamba bakacheka sana. Bibi hakucheka.

Kisha maman akaita jamaa ikuje siku ya Mungu, bakate maneno ya kumurudisha bibi kwabo Gitambi. Ile mangaribi bibi aliniambia: “Sheri, vuka daraja ya Congo mara moja tu, bakupime. Kisha nitaenda kama unataka niende.”

Tukavuka, tukafika kwa dokta moja Bukavu. Akanipatia kichupa na kunionyesha choo yenye mulango yake haifungake. Mukono moja ilishika mulango, ingine ikafanya kazi, na inje maman moja anapiga hodi: “Papa, unazaa humo?”

Dokta aliangalia mu mashini yake wakati murefu. Akauliza: “Ulishagonjwaka matubwitubwi?”

Nikajua sasa nitamuchekesha. Nikamuhadisia vile mashavu ilivimba tukifika mu kambi ya benye balirudia, niko na miaka kumi na saba, kisha ule uvimbe ukashuka chini, nikatembea wiki mbili kama bata, na bamaman ya mu foleni ya maji bananiimbia. Ni hadisi yangu ya kwanza ya ku kabare, kwenye tunakunywaka pombe. Bantu banaangukaka na kicheko.

Dokta aliandika. Hakuinua kichwa.

“Njo ile iliua mbegu,” akasema. “Nguvu ya mwanaume ni ingine, mbegu ni ingine. Unaweza kuwa na moja bila ingine. Balipashwa kuanza na wewe, ju kupima mwanaume njo rahisi.”

“Kuna dawa?”

“Ju ya hii, hapana.”

Mi mulima mupunga, nilipashwa kujua. Ile yenye kusimama wima wakati ya kuvuna, uikamate: ni maganda tu.

Nilimuambia bibi ku daraja. Akatembea mpaka upande ya kwetu. Kisha: “Utaisema siku ya Mungu?”

“Nitaisema.”

“Bila muchezo?”

“Bila muchezo.”

Siku ya Mungu alinipigia shemizi pasi, akaweka yeye mwenyewe karatasi ya labo mu mufuko. Jamaa ikafika, kasiksi, pombe ya ndizi, ikamwangwa. Muzee, mukubwa ya papa yangu, akaanza kuhesabu ile miaka tano. Nikasimama.

“Mbele ya kumurudisha mutoto ya bantu, mujue: shida ni mimi. Mi njo siko na mbegu.”

Kisha muzee akapasuka na kicheko. Maman akacheka mpaka machozi: “Huyu mutoto! Hata leo?”

“Mumupatie kasiksi,” muzee akasema, “koo yake imekauka!”

Bibi alikuwa ku mulango. Alikuwa anaangalia mufuko ya shemizi. Ilikuwa kazi ya vidole mbili tu, nitoe karatasi. Mi nikacheka na bo. Nikaongeza hata ya kwangu: “Basi mumutafutie jirani amujaribu!”

Bakapiga makofi. Bibi akaingia mu chumba. Asubui alienda kwabo na kitenge moja ya vitu, na hakuniaga.

Kisha siku mbili njo nilimupelekea maman karatasi ku jikoni. Hajuake kusoma. Akauliza: “Ni barua yake? Anasema atarudi?”

Nikamusomea yote. Nikarudilia, polepole. Hii mara hakucheka. Alikaa na mukono ku mudomo, akaanza kutaja yale majina yake, moja moja, sauti ya chini, mpaka ya mwisho. Kisha akasema: “Muntu asijue. Yule mwanamuke ameshaenda, abebe na hii.” Akasukuma karatasi mu moto, chini ya chungu ya maharagi.

Maharagi ikaiva. Nikakula.