Skwota Mwenye Mnazi

Juzi mwanangu alirudi kutoka shule akaniuliza, "Mama, skwota ni mtu gani?" Nilikuwa nakuna nazi. Nikamwambia angoje nimalize, kumbe natafuta jibu. Shule mimi niliishia darasa la saba, na maneno mengine hunitia wasiwasi, lakini hili nalijua. Niliitwa hivyo.

Tuliishi hapa Mwabungo, mimi na nyanya, katika shamba la mtu, kwenye nyumba ya udongo na makuti. Mwalimu ndiye aliyenieleza kwanza. Alisema neno limetoka kwa Wazungu, na asili yake ni mtu aliyechuchumaa: hakukaa kitako, wakati wowote ataambiwa ainuke. Sijui kama alipatia yote. Watoto wenzangu walichukua walichokitaka, nikipita wananiambia, "Inuka, we skwota, mwenye shamba anakuja."

Nilipomweleza nyanya, alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Waambie nachuchumaa nikipuliza moto. Na harufu ya mchuzi ikiwafikia, ndio wa kwanza kuja." Na kweli walikuja. Bada, ugali wetu wa muhogo, na papa wa nazi wa nyanya havikuwa na mfano.

Mwenye shamba hakuwa mbaya, lazima niseme haki. Alituacha tulime muhogo na mahindi. Alikataza jambo moja tu: tusipande mnazi. Wa pwani ataelewa. Kwetu mti ulikuwa wa aliyeupanda, hata ardhi ikiwa ya mwingine. Ukimruhusu mtu apande mnazi, umemruhusu akae.

Sasa, nilipozaliwa mimi, kitovu changu kilitakiwa kizikwe na mnazi upandwe hapo, ndiyo desturi. Nyanya hakutaka kuvunja neno la mwenye shamba. Alikwenda kwa jirani yetu, mjane aliyerithi shamba lake, akaomba mahali pa shimo moja. Jirani akampa nyuma ya jiko. Nilipopata nguvu za kubeba ndoo, kazi yangu ikawa kuumwagilia mnazi wangu maji yaliyooshewa mchele.

Kisha mwenye shamba akafariki, watoto wake wakauza. Tukapewa muda wa kuvuna muhogo, kisha tuondoke. Nyanya alikwenda Msambweni kwa jamaa zake kuomba nafasi, akarudi bila. Nao walikuwa wamebanana. Muhogo ukaisha. Asubuhi moja akaanza kufungua makuti ya paa, moja moja, akiyapanga vizuri kama mtu anayejua yanakokwenda.

Jirani akaja, akasimama akitazama.

"Mwenzangu, hayo makuti unayapeleka wapi?"

"Sijui bado."

"Hujui vipi, na kwangu una mti?"

"Mnazi mmoja, mama. Na wenyewe haujazaa."

"Basi kaa uusubiri."

Ndivyo alivyosema, wala hakungoja jibu. Alijitwika mzigo wa kwanza wa makuti akatangulia. Ijumaa iliyofuata, baada ya swala, majirani walikuja kutukandikia. Wanaume wakikanyaga udongo, wanawake wakileta maji, huku wanataniana, na mahamri ya iliki yakitoka motomoto karaini. Wale watoto walikuwepo pia, wamejaa matope mpaka kwenye nyusi.

Nyanya aliishi pale hadi alipofariki. Kila alipopika, sahani ya kwanza ilikwenda kwa jirani kabla yeye hajaonja. Jirani naye hakuirudisha tupu hata siku moja. Angalau ndimu mbili angeweka.

Siku hizi ardhi huuzwa pamoja na vyote vilivyosimama juu yake, na hati haiulizi nani alipanda nini. Huenda ni bora hivyo, ugomvi umepungua, siwezi kuwalaumu wajukuu wa jirani waliouza shamba, na mnazi wangu ndani yake. Wana watoto wa kulisha. Nilikwenda kutazama palipokuwa nyumba yetu. Palipokuwa na njia ya kutoka jiko lao hadi letu pamejengwa ukuta wa mawe, umenyooka vizuri, kazi ya fundi hodari. Nilitembea nao mpaka mwisho. Hakuna mahali pa kupitishia sahani.