Shavu la Kuume la Dada Yangu

Jumanne moja ya mwezi wa pili, mvua ikinyesha mtaani kwetu Kampemba tangu asubuhi, nilimpoteza yaya, dada yangu mkubwa. Kwa miaka mingi alikaanga maandazi sokoni, nami nilikaa upande wake wa kuume nikikanda unga.

Upande huo ndio uliokuwa na kovu. Nilipokuwa bado msichana, sufuria ya mafuta ilimpindukia, ngozi ikajikunja kutoka chini ya jicho mpaka kidevuni. Kwangu mimi, huo ndio uliokuwa uso wake.

Kaka yetu alifika kutoka Sakania kesho yake. Yeye ndiye mkubwa wa familia, kwa hiyo bango la kilio, lile lenye picha ya marehemu, lilikuwa juu yake. Katika simu yangu nilikuwa na picha moja tu ya yaya akitazama mbele, niliyompiga bila yeye kujua. Kaka akaipeleka studio. Bango likarudi na mwanamke aliyevaa blauzi nyeupe ambayo yaya hakuwa nayo, mashavu yote mawili laini kama ya mtoto mchanga. Wakalitundika langoni.

"Huyu si yeye," nilisema.

"Njo yeye," kaka akajibu. "Dada niliyemuacha hapa alikuwa vile. Weye ulikuwa mutoto, hauwezi kujua."

Hakudanganya. Alihama kabla ya ajali ile, na kila alipokuja kututembelea, yaya alimgeuzia shavu la kushoto. Na lazima niandike hili pia: mbele ya kamera aligeuza uso siku zote. Labda lile bango lingempendeza. Sijui. Lakini walikuwa wamemfuta mwanamke niliyekaa naye kila siku, na hakuna aliyeniuliza.

Siku ya tatu, wanawake wa sokoni waliingia uani wamelowa miguu.

"Tumepita hapa mara mbili!" alisema mama anayeuza makala, yaani makaa. "Tulisema, hapa banalilia bibi arusi wa mutu. Shiye tunatafuta mama wa maandazi."

Mwenzake akamkanyaga mguu anyamaze. Mimi nilikuwa nimeshainuka. Nilibeba kiti cha plastiki mpaka langoni, nikapanda, nikaanza kufungua kamba.

"Shuka!" kaka alipaza sauti. "Unanipatisha haya mbele ya bantu!"

"Bantu gani, kaka? Bale balipita?"

Kamba ya mwisho nayo ilifunguka, bango likaanguka topeni. Nikabandika ile picha yangu ya yaya niliyokuwa nimeshaichapisha, ndogo, karatasi ya kawaida, kama simu ilivyoichukua.

Mama wa makala akaisogelea, akaweka kiganja kwenye shavu la kuume.

"Eh. Iko huyu," alisema, na hapo ndipo akaanza kulia.

Kaka aliitazama picha ile akiwa amesimama mbali. Hakuisogelea, wala hakuibandua. Aliokota bango kwenye tope, akalifuta kwa mkono wa shati lake, akalikunja taratibu.

Tulimzika yaya Ijumaa, picha yangu ikiwa msalabani. Jumamosi kaka alirudi Sakania na bango ndani ya begi. Aliniaga kwa kunishika mkono.