Poda ya Kufaulu Mlangoni pa Mtihani

Nina miaka hamsini na miwili, na Kiebrania nilijifunza peke yangu kwa miaka tisa, kwa kitabu kimoja kisicho na jalada. Juzi nilikwenda kufanya mtihani wa mdomo wa Kiebrania katika chuo chetu kidogo cha Biblia hapa Kolwezi. Nikishindwa, siingii mwaka wa mwisho. Mke wangu alinipa kopo la poda, maana kwetu anayefaulu humwagiwa poda kichwani.

Nikingoja nje, nilisikia sauti changa ya mwanamke ikisoma Zaburi kwa Kiebrania. Alisoma kama mtu anayezungumza na mama yake, kisha akaeleza kila neno bila kukwama. Lugha niliyoijua kwa macho tu ilikuwa hai, inapumua. Nikaamini bila shaka kwamba huyo ndiye mwanafunzi aliyenitangulia.

Mlango ulipofunguka akatoka binti mwembamba, anatabasamu. Sikuuliza kitu. Nilimmwagia kopo zima.

"Félicitations, hongera mwana wangu! Umefaulu!"

Nyuma yake akatokea kijana, ameshika kichwa, akaniita baba kwa Kiswahili cha kwetu.

"Tata, ule ni prof yetu mupya! Mi njo nilikuwa mu mutihani. Nilishindwa kusoma, njo akanionyesha."

Profesa akakohoa, akapangusa macho, nyusi nyeupe kabisa kwa poda.

"Aksanti sana, Tata," akasema. "Sasa ingia. Fungua ileile Zaburi, usome."