Msikilizaji Wangu wa Kwanza

Kwa miaka mingi mahubiri yangu yalisikika kwanza jikoni, Jumamosi jioni, mke wangu akimenya viazi na mimi nimesimama mlangoni na Biblia yangu. Hakuogopa kunikatiza.

"Hapo umerefusha," alisema. "Bibi zetu wa hapa kijijini Yakobi wanatembea kwenye baridi kuja kukusikiliza. Wape neno moja la kurudi nalo nyumbani."

Nilinuna kidogo, kisha nikapunguza. Kesho yake kanisa lilipotulia hadi ukasikia manyunyu kwenye bati, nilijua mkono wake umo. Sijapata furaha nyingine ya namna hiyo.

Mwaka juzi kiharusi kilimkuta shambani, akivuna mahindi. Upande wa kulia ukapooza na maneno yote yakampotea, isipokuwa moja: basi. Akisikia njaa, basi. Akiumwa, basi. Daktari wa Njombe mjini alituagiza mazoezi, tukayafanya kila asubuhi. Siku hizi hata daktari huyo hazungumzii tena habari ya kupona.

Mwezi uliopita niliitwa kuhubiri kwenye mkutano wa injili Makambako. Somo nililopewa ni tumaini. Sikuwa na hamu ya kwenda, ila wenzangu walikuwa wameshatangaza. Nilisimama, na maneno yakaja kama zamani. Kina mama walilia, kwaya ikainuka bila kuambiwa. Kwa muda ule nilisahau kila kitu.

Niliposhuka jukwaani, mama mmoja mwenye umri kama wa mke wangu alinishika mkono, akanisalimu Kibena.

"Kamwene, mchungaji. Mume wangu amepooza tangu Pasaka. Kwa hiyo atainuka?"

Uso wake ulikuwa umeshajaa shukrani. Sikuweza kumdanganya.

"Mama, na mke wangu amepooza. Tumeomba sana. Bado yuko kitandani."

Aliniachia mkono taratibu.

"Sasa hapo juu ulikuwa unatuhubiria nini?"

Hakuuliza kwa hasira. Alitaka kujua kweli, akasubiri. Akajifunga kitenge chake vizuri, akasema, "Pole, mchungaji," akaondoka kuelekea stendi.

Jioni, shemeji yangu anayetusaidia alipokwenda kuteka maji, nilikaa kando ya kitanda nikamsimulia mke wangu yote, pamoja na swali la yule mama. Nilidhani pengine atanishika kidole, kama afanyavyo mara chache. Aligeuza uso ukutani.

"Basi," alisema.

Sijui kama alikuwa ananikataza au ana usingizi. Sitajua.

Jumapili iliyofuata nilihubiri tena. Mlangoni mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwamba tangu mama mchungaji augue, Mungu ameniongezea upako. Wengine wakaitikia kwa vichwa. Niliwashukuru, nikavua joho, nikawahi nyumbani kumgeuza ubavu asipate vidonda.