Ukingo wa Dirisha la Kompyuta

Baba yangu haamini kitu mpaka akiguse, na kahawa hawezi kuiamini mpaka aing'ate. Nimemwona hivyo tangu utoto wangu kule Maguu: anapita kwenye kichanja, anachota punje, anaitia jinoni, anasikiliza. Jino likisema bado, kahawa inabaki juani. Padre akija kubariki mashamba, baba hutumbukiza kidole kwenye ndoo ya maji ya baraka kwanza, eti aone kama ni maji kweli.

Sasa mtu wa namna hiyo utamweleza vipi kazi ya kuhariri video za harusi? Fremu ya duka ninayofanyia kazi hapa Mbinga mjini aliijenga yeye, na wiki moja alinitumia ujumbe kupitia mama. Jumapili baada ya misa angepita kuangalia ninachofanya, na akikuta ni kukaa tu mbele ya skrini, mbolea yake ingehamia humo na mimi ningerudi kuchuma kahawa. Mama akaongezea la kwake: "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu." Mama ana methali nyingi, na zote ni za kunitisha.

Nikaitazama kompyuta yangu kwa macho ya baba. Niliona kasha jeusi la bati linalonguruma chini ya meza, basi. Hata mimi ningeweka mbolea. Ndipo nikaamua kulitoboa dirisha ubavuni na kuliziba kwa plastiki ngumu inayoonyesha ndani, mzee azione feni na taa, aone kwamba kuna kitu humo kinatoka jasho.

Fundi wa kuchomelea alilikata kwa grinda, cheche zikaruka, akanirudishia bati lenye tundu la mraba na meno pande zote kama mdomo wa mamba. "Tayari, dada. Urembo ni juu yako."

Urembo ulianza kwa kunichana kidole gumba. Nilipokuwa najifunga kitambaa nikamkumbuka baba na vidole vyake visivyotulia, nikajua ataanzia hapohapo. Mzee akimwaga damu kwenye suti ya misa, kesi imekwisha. Nikashika tupa, kisha msasa. Tupa ikipita kwenye bati inatoa kilio cha nguruwe, na jirani yangu wa saluni alikuja kuniuliza kama nina ugomvi na mtu. Kingo zilipungua ukali, ila kwenye kona bado zilikuwa zikishika nyuzi za khanga.

Nikakimbilia dawa ya kwetu, mshumaa wa kanisani. Nyumbani mshumaa uliobarikiwa hauishii kwenye sala. Zipu ikikwama, droo ikigoma, bawaba ikilia, mama anapaka nta. Nami nikapaka, kingo zikawa laini kama kipande cha sabuni, nikajisifu. Kisha nikawasha mashine kumalizia harusi moja ya kule kijijini Mapera, ndefu, ya kwaya tupu. Mashine ikapata moto, nta ikayeyuka kwa juu na kudondokea feni, feni ikasimama. Bibi harusi akaganda kwenye skrini akiwa ameachama kupokea keki. Siku iliyofuata nilishinda nikikwangua nta iliyobarikiwa kwa kijiti cha meno. Nililia, na nilisema maneno ambayo sikuyapeleka kwenye kitubio.

Jumamosi nikaenda gereji wanakotengeneza malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka. Mlango wa lori bovu ulikuwa umeegemezwa ukutani, na ukingo wake umevishwa mpira wenye mfereji katikati, unaolibana bati pande zote mbili. Nikamwomba fundi kipande. Akauliza nina lori gani. Nikamwambia nina dirisha tu. Alicheka sana, lakini alinikatia.

Niliufua mpira ule kwa sabuni ya unga hadi maji yakatoka meupe, au ndivyo nilivyodhani. Nikauvisha kwenye ukingo taratibu, na kila kona nikauchanja kidogo kwa ndani ukubali kupinda. Ncha zake nikazikutanisha chini, mahali ambapo mwenye adabu hachunguzi.

Jumapili wakaja, mama na khanga mpya, baba na suti.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

Hakukaa. Akatazama skrini, ambako bibi harusi sasa alikuwa anaila keki yake kwa amani.

"Hiyo keki umeoka wewe?"

"Hapana, baba."

"Umewafungisha ndoa?"

"Hapana."

"Mh."

Akachuchumaa mbele ya kasha. Feni na taa hakuzijali hata kidogo. Kidole kilienda moja kwa moja kwenye ukingo, kikaanza kuuzunguka. Kwenye kila kona alisimama, akaubinya mpira kwa ukucha, akainama karibu kabisa, nikaogopa kwamba sasa anauleta kwenye jino.

"Umekata mwenyewe?"

"Kukata alikata fundi. Ukingo ni wangu."

"Kukata hata panya anakata," akasema. "Kazi ni ukingo."

Alipoinua kidole hakikuwa na damu. Kilikuwa cheusi tii kwa vumbi la makaa, sabuni yangu ilikuwa imeshindwa. Mama akaanza kutafuta leso haraka, kwa ajili ya suti. Baba akakitazama kidole, akanitazama mimi, akanivuta kwa shingo na kunichora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole hichohicho cheusi. Alikuwa akinifanyia hivyo kila asubuhi kabla sijaenda shule, mpaka nilipokua na tukaanza kugombana. Nilikuwa nimeukosa mkono ule kuliko nilivyojua.

"Mbolea itakaa nyumbani," akamwambia mama, wakaondoka.

Mteja wa kwanza alipoingia aliniuliza kama Jumatano ya Majivu imehamia Jumapili. Nikamwambia atoe flashi yake na aliache paji la uso wangu kama lilivyo.