Mabenchi Kumi na Mawili ya Kimulot

Enzi zetu huku Kimulot, makanisa yalikuwa mawili na mabenchi kumi na mawili. Nina hakika, kwa sababu niliyahesabu mara mbili kila Jumapili ya misa: yakitoka na yakifika. Waliookoka walianza ibada asubuhi na mapema. Wakimaliza, sisi watoto tulibeba mabenchi, wanne kwa kila moja, tukashuka nayo kwenye kijia cha katikati ya majani chai mpaka kwa Wakatoliki. Umande ulitulowesha hadi kiunoni na hakuna aliyelalamika. Kijana wa leo ukimwambia ahamishe kiti tu, anaita boda.

Mama yangu alikuwa Mkatoliki wa rozari shingoni. Shangazi Rael, dada ya baba, alikuwa ameokoka kabisa, wa kukemea pepo mpaka kuku wanakimbia. Lakini mabenchi yakishuka, naye alishuka nayo. Alikaa mwisho mmoja wa benchi, Mama mwisho wa pili. Misa ina kusimama kwingi, na miguu ya lile benchi ilikuwa karibu na katikati. Mama akiinuka ghafla, Shangazi aliteleza hadi sakafuni.

"Mama Chebet, unaniangusha mbele ya padri!"

"Si kwenu huanguka kila Jumapili ukiombewa? Leo umeanguka kwetu."

Walicheka mpaka katekista akakohoa. Baadaye tulikunywa chai ya sufuria moja, na viazi vya kuchemsha, na mursik ya Shangazi, maziwa ya kugandishwa kibuyuni yenye harufu ya moshi. Padri alikuja mara moja kwa mwezi. Jumapili zilizobaki Mama alitupeleka kwa kina Shangazi, na Baba akimuuliza, alijibu: "Aliyesafiri ni padri. Mungu yuko."

Nilikua nikiamini huo ulikuwa upendo. Sasa mimi ni mtu wa soko, nimepatana bei Sotik mpaka mvi zikanitoka, na nikipiga hesabu naona ulikuwa uhaba wa mabenchi tu. Chai ilipolipa vizuri, kila kanisa lilinunua viti vya plastiki na kuviandika jina mgongoni. Kisha zikaja spika, zikaelekezwa kanisa la ng'ambo. Siku hizi huku wanaomba, kule wanawaombea hao wanaoomba waache kuomba vibaya. Wajukuu nao wanaendeleza vita kwenye simu, na hata kubeba benchi hawajui.

Mwaka huu Mama aliugua. Alinishika mkono akasema, "Mwambie Rael aniimbie kaburini. Ule wimbo wetu wa kuchumia chai."

Alipofariki, nilikwenda kupatana, maana ndiyo kazi ninayoijua. Katekista alisema maziko ya Mkatoliki huimbwa na Wakatoliki. Nikaomba beti mbili. Akakataa. Nikashuka hadi ubeti mmoja.

"Chebet, hii si nyanya," akaniambia.

Nikapanda kwa pasta wa Shangazi. Yeye akasema muumini wake hatasimama penye maji ya baraka, labda yeye pasta apewe kipaza sauti awaite watu waokoke. Sokoni, mtu akinikatalia hivyo, mimi hugeuka kama ninayeondoka, naye huniita nirudi. Niligeuka kwa katekista, nikageuka kwa pasta. Hakuna aliyeniita.

Siku ya maziko kulikuwa na mahema mawili, viti vya buluu huku, vyeupe kule. Shangazi alisimama kando, kwenye mpaka wa shamba la chai, leso mdomoni. Hakuimba. Kila kanisa lilipobeba viti vyake na kuondoka, ndipo aliposogea kaburini. Nikamletea benchi la mwisho lililobaki kati ya yale kumi na mawili. Lilikuwa kwenye nyumba ya kuku.

"Imba sasa, Shangazi. Wameenda."

Alifungua mdomo, sauti ikagoma. "Niliogopa, Chebet. Kanisa likinitenga, mimi nitazikwa na nani?"

Nikampangusia vumbi. Akakaa mwisho wa benchi, kama zamani, na ule mwisho wa pili, ambao haukuwa na mtu, ukaanza kuinuka. Akajivuta hadi katikati, akatulia hapo.

Viti vya siku hizi havina shida hiyo. Kila mtu ana chake, na mwenzako akiondoka, hutikisiki.