Mistari Mikononi mwa Kaka

Mama yangu ni mshonaji, na maradhi yake ni unadhifu. Nyumbani kwetu hata tambara la deki limepindwa ukingo. Uzi ukikuning'inia kwenye nguo wakati unapita zako, utakamatwa na kusimamishwa mpaka ukatwe. Alipoteza usikivu akiwa na miaka sita, kwa hiyo mimi na kaka tulijua kusema kwa mikono kabla hatujajua kufunga vifungo vya mashati yetu.

Siku hizi macho yake nayo yana ukungu. Kwenye simu vidole vya kaka anaviona kama punje za mchele. Ndiyo maana nilinunua runinga kubwa iliyokwishatumika, nikaiunganisha na kompyuta yangu kwa waya mnene wa picha, ule wa kizamani wenye pini nyingi na skrubu mbili pembeni. Kaka anafanya kazi mbali, kwenye kiwanda cha kupasua mbao. Kila Jumapili hutokea pale ukutani, na wakianza kuteta na mama, mimi hata chai sikumbukwi.

Jumanne jioni kaka alinipigia mimi. Msumeno ulikuwa umeukamata mkono wake wa kulia, na madaktari walikuwa wameamua kuukata kwenye kifundo, Alhamisi adhuhuri. Alitaka kumwambia mama mwenyewe, saa tatu asubuhi ya siku hiyohiyo, na akaniapisha nisifungue mdomo. "Ukimwambia wewe atadhani nimekufa, mnamficha," alisema. "Lazima anione." Nilikubali upesi, na sikukubali kwa utiifu. Nilikubali kwa woga. Afadhali yeye kuliko mimi.

Alhamisi saa mbili na nusu niliwasha mitambo, na runinga ikajaa mistari. Ilikuwa inapanda kutoka chini kama mawimbi, ikipinda kila ilichokigusa. Nikafungua picha yangu ya zamani kujaribu, nikajiona sina vidole, nina mabaka tu. Mama alikuwa amekwishakaa kwenye kiti chake. Akaniuliza kaka ana jambo gani siku isiyo Jumapili, nikajitia hamnazo, nikageukia waya. Lakini mikono yangu ilikuwa inapapasa waya ovyo, na mama hakosi kusoma mikono.

Nikajikaza kisabuni. Nilikaza skrubu zote mbili, nikahamia soketi nyingine, nikazima friji na feni, nikazima kompyuta na kuiwasha upya. Mistari haikusogea. Picha isingetulia, kaka angeongea nami kwa sauti, na ningelazimika kumwambia mama kwa mikono yangu hii. Saa tatu kasoro robo roho ilikuwa juu, nikakimbia kumwita fundi wa redio wa ng'ambo ya barabara, ambaye kwa mwendo wake tumempa jina la Polepole. Nilimvuta mkono njia nzima.

Polepole aliitazama runinga kidogo tu, akainama nyuma ya kabati. Alipoinuka alikuwa anacheka.

"Nani kashona hizi?"

Nikachungulia. Baada ya Jumapili mama alikuwa ameukusanya waya wa picha, waya wa umeme wa runinga na ule wa chaja ya kompyuta, akaziviringisha pamoja kwenye kitambaa cha bitana na kukishona mwanzo hadi mwisho, mshono mdogomdogo wa kurudi nyuma. Fundi akasema waya wa umeme ukilala ubavuni mwa waya wa picha urefu wote huo, lazima uuchafue. Dawa yake ni kuzitenganisha, basi.

Nilimgeukia mama nikampa vidonge vyake. Nani kakutuma? Kila kitu lazima ukiguse? Woga wangu wote wa siku mbili niliumwagia kipande cha bitana. Mama alichukua wembe, akapiga magoti, akafumua mshono mmoja baada ya mwingine, taratibu, asije akachana waya. Fundi akaupitisha waya wa picha upande wa kushoto na zile mbili upande wa kulia. Picha ikatulia, safi kabisa.

Hapo ndipo nilipotamani mistari irudi.

Kaka alitokea amefunikwa shuka jeupe mpaka kifuani. Akasalimia kwa mkono wa kushoto. Mama akauliza bila kuitikia:

"Mwingine uko wapi?"

Nadhani kaka alikuwa amepanga maneno yake. Alitaka kuanza na "usiogope", na kwetu neno hilo ni ngumi ya mkono mmoja inayofunikwa na kiganja cha mwingine. Ngumi yake ya kushoto ilisimama hewani, haina wa kuifunika. Basi akautoa mkono wa kulia uliofungwa bandeji juu ya shuka, akamweleza vipandevipande: msumeno, daktari, leo adhuhuri.

Mama aliinuka akaenda mpaka kwenye kioo cha runinga, akaweka kiganja juu ya bandeji. Polepole alikusanya bisibisi zake akatoka bila kuaga. Mimi nilikuwa nalia waziwazi, sikuona sababu ya kujificha.

Kisha mama alirudi kitini, akauweka mkono wake wa kulia chini ya paja na kuukalia. Kwa ule wa kushoto akafanya ngumi, akaitazama, akatikisa kichwa. Akajaribu kuifunika kwa kidevu, ikawa kichekesho, na kaka akacheka huku machozi yakimtoka. Mwishowe akaibandika ngumi kifuani, juu ya moyo, akaikandamiza hapo.

"Usiogope," alisema hivyo kwa mkono mmoja.

Kaka akaiga. Wakaendelea na neno jingine, na jingine, mkono mmoja kwa mkono mmoja, mpaka muuguzi alipokuja kumchukua.